Kupona bila Paa: Ulevi, Ukimbizi wa Ndani na Sehemu ya Mtu Binafsi katika Kashuga

Kashuga ni mji mdogo ulioko kwenye barabara itokayo Mweso kwenda Kalembe na Pinga, mahali ambapo wilaya ya Masisi inakaribiana na ile ya Walikale katika mkoa wa Kivu Kaskazini, na kwa zaidi ya miaka 30 mji huo umekuwa ukipokea watu waliokimbia vijiji vyao, kisha wenyewe kukimbiwa na wakazi wake. Tangu ghasia zilizoanzia Ntoto, Walikale, mnamo Machi 1993, hadi vita vya 2007 na 2008, vya 2012, na vile vilivyoufikia Mweso mnamo Januari 2024 na Kalembe mnamo Oktoba mwaka huohuo, familia nyingi za vilima hivi zimepoteza nyumba mara kadhaa, na kila mara zimeanza upya chini ya turubai, au shitingi kama linavyoitwa huko, lililotandazwa juu ya fito za mikaratusi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu, Oktoba 2023, watu milioni 6.9 waliokimbia makwao ndani ya Kongo nzima. Miongoni mwao wamo wanaume na wanawake ambao pamoja na nyumba walipoteza uwezo wa kupitisha siku bila pombe au bangi, na hao ndio wanaolengwa na ushauri huu, pamoja na ndugu, majirani, wachungaji na wauguzi wanaoishi nao.

Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba mtu aliyepoteza nyumba bado ana sehemu yake katika kupona, sehemu ndogo lakini halisi, ambayo mwingine hawezi kuibeba kwa niaba yake. Na kwamba wale wanaomdai awajibike huku wakimnyima pa kulala na kazi ya kufanya wanadai deni ambalo wao wenyewe wamelizuia lisilipwe.

Ni vyema kwanza kutenganisha unywaji na uraibu. Uraibu ni hali ambayo mwili na akili vimezoea kileo kiasi kwamba mtu hutafuta kutumia hata pale anapoona wazi kwamba kinamharibia, na hushindwa kuacha ingawa amekwisha kuahidi mara nyingi. Alama zake mbili kuu ni kwamba kiasi kilichomlewesha zamani hakimtoshi tena, na kwamba anapokikosa huugua. Kwa maana hiyo, mzee anayekunywa kasiksi kwenye kikao cha mahari au baada ya kulima pamoja na wenzake hawi mraibu kwa sababu hiyo pekee. Kasiksi, pombe ya ndizi zilizoivishwa, zikakamuliwa maji yake na kuchachushwa kwa unga wa mtama, ina nafasi ya heshima katika maisha ya Masisi, na mshauri anayeanza kwa kuilaani huwa amepoteza wasikilizaji wake kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Hatari kubwa zaidi hutoka kwenye kanyanga, yaani pombe iliyochemshwa ndani ya pipa na mvuke wake kupitishwa kwenye bomba lililopozwa kwa maji hadi utone kimiminika kikali, ambacho nguvu yake haipimwi na yeyote, ambacho huweza kuchanganyika na sumu ikiwa kimetengenezwa au kughushiwa vibaya, na ambacho huuzwa kwa kipimo kidogo kwa bei ambayo kibarua wa siku moja anaimudu kuliko sahani ya chakula. Hoja hiyo ya mwisho haipaswi kupitwa haraka, kwa kuwa wengi hawakuanza kunywa kwa kutafuta raha. Walianza kwa sababu kikombe kimoja kilizima njaa, baridi ya usiku na ndoto za waliyoyaona, vyote vitatu kwa pamoja, na hakuna kitu kingine kambini kilichofanya hivyo kwa bei hiyo.

Mraibu wa pombe hutambulika vizuri zaidi asubuhi kuliko jioni. Jioni walevi wote hufanana; asubuhi yule ambaye mwili wake umefungwa na pombe huamka akitetemeka, jasho linamtoka ingawa ukungu wa vilima haujaondoka, na akipewa kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili ili kisimwagike. Baada ya kunywa kileo kidogo mikono hutulia. Familia iliyoona jambo hilo imeona dalili inayotosha, na kuanzia hapo ushauri wa kwanza ni wa kushangaza kidogo: mtu huyo asiache pombe ghafla akiwa peke yake.

Sababu ni ya kitabibu. Ubongo uliozoea pombe kwa miezi au miaka hujirekebisha ili ufanye kazi ndani ya pombe, na pombe inapoondolewa kwa mara moja ubongo huo huchachamaa. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Degedege huweza kutokea kati ya saa 6 na saa 48. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huchanganyikiwa kabisa, huona wadudu au askari wasiokuwepo, hupandwa na homa na mapigo ya moyo kwenda mbio, hali ambayo isipotibiwa huua. Mara nyingi katika vijiji degedege hili hudhaniwa kuwa kifafa cha kuzaliwa, na kuchanganyikiwa huko hudhaniwa kuwa uchawi au pepo, hivyo mgonjwa hupelekwa kwenye chumba cha maombi, hufungwa kamba na kufungishwa mfungo wa siku kadhaa. Imani ina nafasi yake katika kupona, na itazungumzwa hapa chini, lakini kumnyima chakula mtu aliye katika hali hiyo ni kumdhuru, kwa sababu walevi wa muda mrefu huwa na upungufu mkubwa wa vitamini B1, na ubongo unaokosa vitamini hiyo huweza kupoteza kumbukumbu kwa namna isiyorekebishika tena. Mchungaji anayemwombea mtu huyo na amwombee njiani wakimpeleka kituo cha afya.

Kituoni, muuguzi huweza kutoa diazepam, dawa inayotuliza ubongo, kwa kiasi kinachopungua siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, na huangalia degedege, homa na upungufu wa maji. Hospitali kuu ya Mweso, ambayo kwa miaka mingi iliungwa mkono na Madaktari Wasio na Mipaka, ndiyo kwa kawaida huwa mahali pa kupeleka hali nzito za eneo hili, na kwa magonjwa ya akili yanayohitaji wataalamu kipo kituo cha Tulizo Letu cha Goma, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Lakini barabara hufungwa na vita, dawa huisha kituoni, na ushauri usiozingatia hayo hauna maana. Pale ambapo hakuna njia ya kufika kwa muuguzi, kupunguza ni salama kuliko kukata: mlevi aache kanyanga, apewe kasiksi kwa kikombe kilekile kimoja kila siku ili kipimo kisibadilike, idadi ya vikombe ishushwe kidogo kila siku kwa muda wa wiki moja au mbili, na chombo kishikwe na mtu mzima asiyekunywa. Katika siku hizo anywe maji mengi na uji, ale maharage na karanga kila zinapopatikana, na asilale peke yake. Mtu aliyewahi kupata degedege alipokosa pombe, mwanamke mjamzito, au mtu aliyeanza kuona vitu visivyokuwepo hawafai kujaribiwa kwa njia hiyo. Hao wabebwe kwa machela hata kama safari ni ya kutwa nzima. Wala diazepam isinunuliwe sokoni kwa kubahatisha, kwa kuwa ikichanganywa na pombe huweza kusimamisha pumzi, na yenyewe pia huleta uraibu.

Bangi ni suala tofauti. Kuiacha huleta kukosa usingizi, hasira na kukosa hamu ya chakula kwa wiki kadhaa, lakini hakuui. Madhara yake makubwa huonekana kwa vijana walioanza mapema, hasa wale waliokuwa ndani ya makundi yenye silaha ambako bangi na pombe hutumika kuondoa hofu, na baadhi yao husikia sauti au kushuku kila mtu hata baada ya kurudi nyumbani. Kijana wa namna hiyo anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya kabla hajahukumiwa na baraza la ukoo.

Baada ya wiki mbili za kwanza mwili huwa umetulia kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo swali la wajibu wa mtu mwenyewe linapoanza kwa kweli, kwa maana mtu anayetetemeka hana uamuzi mwingi wa kufanya, ilhali aliyetulia anao. Watu hukosea hapa kwa namna mbili. Wapo wanaosema kwamba mlevi wa kambini amejitakia, kwa kuwa majirani zake walipitia vita hivyohivyo na hawakunywa. Na wapo wanaosema kwamba vita ndivyo vilivyomlevya, kwa hiyo asidaiwe chochote mpaka amani irudi na arudishiwe shamba lake. Kauli ya kwanza husahau kwamba watu hawaumizwi sawa hata wanapopitia jambo moja, na kwamba miili haifanani katika kunaswa na pombe. Kauli ya pili, ingawa husemwa kwa huruma, ni katili zaidi katika matokeo yake, maana katika nchi ambayo baadhi ya watu wamesubiri amani tangu 1993, kumwambia mtu asubiri amani ndipo apone ni kumwambia asipone. Hakulianzisha tatizo, hata hivyo kikombe cha kesho kitapita mkononi mwake, si mkononi mwa mwingine.

Hata hivyo, wajibu unahitaji mahali pa kusimama. Huko New York, mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha mpango uliowapa watu wa mitaani chumba kwanza, bila kuwataka waache ulevi kabla ya kupewa ufunguo, na wengi wao walibaki ndani ya nyumba hizo kuliko ilivyotazamiwa na waliodhani kwamba mlevi hawezi kutunza chumba. Ufini nayo iliufanya utaratibu wa namna hiyo kuwa sera ya taifa mwaka 2008. Kashuga haina vyumba vya kugawa. Lakini kanuni iliyomo inatumika hata kwenye kibanda cha majani: kitanda kisiwe zawadi ya kuacha pombe, wala kulala nje kusiwe adhabu ya kurudia. Familia iliyompokea mkimbizi mlevi, ambayo mara nyingi ina watoto wake na hofu zake, ina haki ya kuweka masharti juu ya mwenendo, na masharti hayo yawe machache na yasemwe mchana akiwa mzima: asipige mtu, asilete kileo ndani, akirudi amelewa alale kwenye banda la jikoni na asiamshe watoto. Akimpiga mke au mtoto, anayeondoka ni yeye, na kamati ya kambi imtafutie pengine pa kulala. Ulevi haujawahi kuwa udhuru wa kipigo. Mtu aliyefukuzwa bila pa kwenda hulala kwenye kilabu cha pombe, kwa sababu ndiyo nyumba pekee isiyomfungia mlango usiku.

Kwa upande wake, anayetaka kupona anaweza kuanza na mambo ambayo hayahitaji nyumba wala fedha. La kwanza ni kumchagua shahidi mmoja, mtu mzima asiyekunywa na anayeheshimika, na kumwambia kwa maneno ya wazi kiasi anachokunywa na tangu lini. Uongo wa mraibu huanza na kipimo, na siku anapokisema kipimo hicho mbele ya mtu mwingine huwa amefanya kazi kubwa kuliko kuapa mbele ya kanisa zima kwamba hatakunywa tena milele. Inafaa wakutane kila siku saa ileile, hata kwa dakika chache, na saa nzuri ni ile ambayo alikuwa akianza kunywa.

La pili ni malipo. Wakimbizi wengi huishi kwa kulima mashamba ya wenyeji au ya wenye malisho makubwa ya ng'ombe, na hulipwa mwisho wa siku, saa ambayo mtu amechoka, ana njaa na anapita mbele ya wauzaji wa kanyanga akiwa na noti mfukoni. Saa hiyo moja ndiyo huangusha wengi kuliko msiba wowote. Anayejua udhaifu wake anaweza kuomba alipwe kwa maharage au ndizi badala ya fedha, au kuomba malipo yapokelewe na mkewe, au kubadili njia ya kurudi hata kama ni ndefu, au kula kabla ya kuondoka shambani, kwa kuwa njaa na kiu ya pombe hufanana sana mwilini na wengi huchukua moja kwa nyingine. Vivyo hivyo jetoni, ile kadi ndogo ya kupokelea msaada wa chakula, ambayo imeuzwa mara nyingi kwa deni la pombe ilhali watoto wa mwenye jetoni walikuwa wakingoja unga. Aikabidhi mwenyewe kwa mkewe, mama yake au dada yake, mbele ya shahidi, kabla hajalazimishwa. Jambo hilohilo likifanywa na kamati bila ridhaa yake huwa ni kunyang'anywa, na hupigania kurudishiwa. Likifanywa naye huwa ni hatua yake ya kwanza kama baba wa nyumba baada ya muda mrefu.

Madeni ni sura ya tatu, na ndugu wengi hukosea hapo kwa upendo. Wanamlipia deni la kilabu ili aibu iishe, kisha wanamlipia la pili, na mwishowe muuzaji humkopesha bila hofu akijua ukoo utalipa. Ndugu wamlishe, wamlaze, wamsindikize kituo cha afya, lakini deni la pombe alilipe mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kazi ya mikono yake.

Kupona peke yake ni kugumu mahali popote. Chama cha walevi wanaosaidiana kilichoanzishwa Akron, Marekani, mwaka 1935 na Bill Wilson na daktari Bob Smith kilienea duniani kwa sababu ya jambo moja rahisi, kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake aliyetangulia kuacha kuliko anavyomsikiliza daktari. Zanzibar nako, watu waliowahi kutumia heroini wamekuwa wakiendesha nyumba za kupata nafuu tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Kashuga haihitaji jengo ili kufanya hivyo. Watu watatu walioacha, wakikutana kwenye darasa la shule baada ya masomo au chini ya paa la kanisa, wanatosha kuanza. Vikundi vya AVEC, ambamo wanachama huweka akiba kila wiki na kukopeshana, navyo vinaweza kumpokea anayepona kwa sharti la hisa moja ndogo, maana kitabu cha akiba chenye jina lake humpa sababu ya kuamka mzima siku ya mkutano. Mashirika na viongozi wa imani wana nguvu kubwa hapa, ilimradi wasimtangaze mtu kuwa amefunguliwa kabisa baada ya wiki moja, kwa sababu aliyetangazwa hivyo akirudia huona aibu ya kurudi kanisani na hupotea.

Haifai kuwaacha nje ya shauri hili wanawake wanaopika kanyanga. Wengi wao ni wajane au wake ambao waume zao wako mbali, hawana shamba, na pipa hilo ndilo linalolipa karo ya watoto. Kumwaga pombe yao hadharani, jambo ambalo wakuu hulifanya mara kwa mara, huwafanya wapike usiku na kukopa zaidi. Kamati ya kambi inayotaka matokeo ikae nao, ikubaliane kwamba hawatawauzia watoto, wajawazito, wala watu walioomba kwa majina yao wasiuziwe, na iwape wao kwanza nafasi katika mikopo ya kuanzisha biashara ya sabuni, mafuta ya mawese au unga. Ombi la mraibu kwa muuzaji, "mama, nikija usinipe", ni gumu kulitamka na huheshimiwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa likitamkwa asubuhi mbele ya shahidi na likifuatana na sehemu ya deni la zamani.

Kurudia kunywa baada ya kuacha ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, kama ambavyo shinikizo la damu hupanda tena kwa mtu aliyeacha dawa. Mtu aliyeanguka amwone shahidi wake siku hiyohiyo kabla ya kunywa siku ya pili, aeleze kilichotangulia, iwe ni ugomvi, malipo au habari ya kifo, na abadilishe kitu kimoja katika ratiba yake ili tundu hilo lizibwe. Ajihadhari pia na kiasi, kwa sababu aliyekaa miezi bila pombe akinywa kipimo chake cha zamani huweza kupoteza fahamu.

Katika Kashuga kuna sababu moja ya kurudia ambayo inapaswa kupangwa mapema, nayo ni kukimbia tena. Milio ya risasi ikisikika upande wa Kalembe au Mweso, watu hutawanyika, shahidi huelekea njia nyingine, kikundi huvunjika, na usiku wa kwanza mahali pageni ndio usiku ambao kikombe hutolewa bure na watu wenye huruma. Kwa hiyo inafaa anayepona awe na mashahidi wawili wa koo tofauti wasiokimbilia upande mmoja, aandike nambari zao za simu kwenye karatasi na si kwenye simu pekee, afunge kadi yake ya kituo cha afya na dawa zake, hasa za kifafa au za akili, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na jetoni, na mfuko huo ukae kwa mtu wa nyumbani anayebeba watoto. Afikapo anakokwenda, amtafute mhamasishaji wa afya wa kijiji, yule anayeitwa reko, siku ileile anapojiandikisha kwa kamati, na amwambie hali yake kabla hajaulizwa.